Maisha ya Bibi Aikande, Mlezi wa Theluji FC na Mwenye Kura ya Saba

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa ukoo, majirani wa juu na wa chini ya mfereji, kamati na wachezaji wa Theluji FC, Bwana Yesu asifiwe, na wageni wetu mliotoka Kibosho, Tumsifu Yesu Kristo, na wote mlionizidi umri, shikamooni. Naitwa Godwin, mjukuu wa marehemu kwa mtoto wake wa tatu, na kikao cha familia kimenipa kazi ya kuandika na kuisoma historia hii kwa sababu mbili zilizotajwa mbele yangu bila aibu, ya kwanza kwamba nina digrii, ya pili kwamba sina kazi, kwa hiyo muda ninao, nami naomba mnivumilie, maana Bibi aliishi miaka themanini na moja na sikumbuki hata mmoja aliokaa kimya.

Aikande binti Ndekirwa alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 hapa hapa Kidia, Old Moshi, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Ndekirwa na Mama Eliona, akabatizwa mwaka huo huo, na mwaka 1958 akapata kipaimara akiwa wa kwanza darasani kwa kukariri katekisimu, sifa aliyotukumbusha kila Krismasi kana kwamba matokeo yametoka juzi. Shule alianza mwaka 1952 na akaishia darasa la nne mwaka 1955, kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu wa kuwakatia majani na kaka yake alihitaji kuendelea na masomo, jambo ambalo Bibi hakulisemea kwa hasira hata siku moja, hasira ninayo mimi, yeye alisema tu kwamba ng'ombe walikuwa na akili kuliko huyo kaka.

Tarehe 21 Desemba 1963 alifunga ndoa na Ebenezeri, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa pale mjini Moshi, mtu mpole ambaye tulio wadogo tunamjua kwa picha na kwa kofia yake, na Mungu akawajalia watoto watano, wajukuu kumi na tisa na vitukuu wanane, ambao majina yao yote yamo kwenye ratiba mliyogawiwa pale mlangoni, so asiyeliona lake asinikasirikie mimi, amuulize aliyechapa. Babu alitangulia mbele za haki tarehe 9 Agosti 1998, na Bibi akabaki na kihamba hiki, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa maziwa, na kila ng'ombe aliyewafuata aliitwa jina la wifi fulani, na sitataja ni wifi gani kwa sababu wengine wamekaa mstari wa mbele.

Kuhusu kazi, Bibi hakuajiriwa na mtu yeyote, na akitusikia tunasema hana kazi anatunyima chai, maana tangu mwaka 1966 hadi miguu ilipokataa mwaka 2011 alikuwa akishuka na maziwa asubuhi mpaka Njoro, mlango kwa mlango, anarudi na habari za mji mzima, nani kahama, nani kaoa, nani maziwa anayatia maji na kuyauza kwa jirani kama yake. Mimi nilihitimu mwaka 2021 Shahada ya Elimu ya Viungo na Sayansi ya Michezo, tangu hapo nimeitwa kwenye interview nyingi na kuambiwa "tutakupigia" nyingi zaidi, cheti changu kimetundikwa sebuleni kwa Bibi karibu na kalenda, na tofauti ni kwamba kalenda inabadilishwa kila Januari. Nayasema haya kwa sababu yanahusu historia ya marehemu, mtaona punde.

Mwaka 1984 marehemu alifanya jambo ambalo limewaleta hapa nusu ya vijana mnaowaona wamevaa jezi. Kwenye mteremko huu, sehemu tambarare inayotosha goli mbili ni adimu kuliko ajira, na ukoo wetu ulikuwa nayo moja, pale chini ya kahawa, Babu akataka kupanda kahawa nyingine, Bibi akakataa, akasema watoto wacheze pale wavunje miguu yao badala ya kuvunja vyungu vyake, na ndivyo Theluji FC ilivyopata uwanja, uwanja ambao mpira ukitoka upande wa kusini mnaufuata mpaka mtoni na mwamuzi anapata muda wa kunywa maji. Timu ilipoandika katiba ilimfanya mlezi wa kudumu, na kwa kuwa kamati ina watu sita na watu sita wa Old Moshi hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza ibada, katiba ikampa mlezi kura ya saba, ya kuamua pale wanapogongana.

Kwa miaka mingi kura hiyo ililala, ilitumika mara moja tu kuchagua rangi ya jezi, mpaka likaja suala la Kocha Melkior. Kwa wasiomfahamu, Kocha Melkior ni yule pale nyuma, mrefu, mwenye sweta la kijani, mwenyeji wa Kibosho, mkatoliki, aliyesaini mkataba wa miaka miwili na Theluji tarehe 1 Julai 2023, na mkataba huo unakwisha tarehe 30 ya mwezi huu. Msimu wake wa kwanza tulinusurika kushuka daraja siku ya mwisho, msimu wa pili tumemaliza wa nne ligi ya mkoa, tukiwa na sare tisa, na mechi ya mwisho tukafungwa bao moja kule Mabogini, kwenye uwanja ulionyooka kama meza, mbele ya wakulima wa mpunga waliotuimbia kwamba turudi tukachezee mlimani kwetu na mbuzi. Tungeshinda siku ile tungecheza mtoano wa kupanda daraja, na tangu hapo kijiji hiki kimekuwa na swali moja tu, Melkior aongezewe mkataba au aende zake.

Kamati ikagawanyika tatu kwa tatu. Katibu wetu dada Loveness na wenzake wawili walisema mtu aliyeitoa timu shimoni na kuifikisha nafasi ya nne anastahili miaka mingine miwili. Mwenyekiti wetu Mzee Eliudi, mdogo wake marehemu Babu, kwa hiyo shemeji wa marehemu, pamoja na wenzake wawili, walisema sare tisa ni ushahidi wa woga, kwamba Kibosho wana makocha wao na sisi tuna wetu, na kwamba ukoo umesomesha kijana sayansi ya michezo halafu kijana huyo anashinda nyumbani anamaliza ndizi. Kijana huyo ni mimi. Jina lililopendekezwa kumrithi Kocha Melkior lilikuwa langu, kwa posho ya kila mwezi, na ingekuwa ajira yangu ya kwanza tangu nivue joho, na mimi, to be honest, nilikuwa upande wa Mzee Eliudi kwa moyo wote, nilishamchorea Bibi formation yangu kwa maharage juu ya meza, akayaangalia, halafu akayapika.

Kiafya, marehemu alikuwa akisumbuliwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2009, akilidhibiti kwa dawa, na pia kwa pombe kidogo ya mbege ambayo daktari hakuijua na leo naomba aisamehe. Tarehe 2 Juni mwaka huu alianguka akiwa zizini, tukamkimbiza hospitali pale Moshi mjini, madaktari wakasema moyo umechoka, akalazwa, na kuanzia siku ya pili wodi ikageuka ofisi ya Theluji FC. Wajumbe wa kamati walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na chupa yake ya supu ya mtori, kila mmoja akamjulia hali kwa dakika mbili na kumweleza habari za mkataba kwa nusu saa, na Bibi alimjibu kila mmoja neno lile lile, "Nimesikia, aika," asante ya Kichagga na basi, akaupokea mtori, na kila mmoja wenu alitoka pale wodini anatembea kama mfungaji wa goli la ushindi. Ndiyo maana tangu Ijumaa, hapa msibani, kambi zote mbili zinasema marehemu aliwaachia kura, nimewasikia kwenye turubai, nimewasikia jikoni, juzi wawili wameshikana mashati karibu na sufuria la ndizi za machalari na shangazi akawatenganisha kwa mwiko.

Ndugu waombolezaji, Bibi hakuwaambia ninyi. Aliniambia mimi, asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni, nikiwa namlisha, hapakuwa na mtu mwingine, na alianza yeye bila kuulizwa, akisema, "Melkior aendelee. Tangu aje huyu, hakuna kijana aliyekojolea kahawa yangu." Nikamwambia Bibi, hicho si kigezo cha ufundi, mtu ana sare tisa, akasema sare maana yake hajafungwa, nikamwambia basi fikiria mjukuu wako, nina digrii ya kitu hiki hiki, naijua kazi, akapangusa mdomo, akasema, "Kujua unajua, Godi. Lakini una mdomo. Utawatukana watoto wa watu, watavua jezi waondoke, na mimi sitakuwepo wa kuwaita warudi."

Nilicheka mpaka muuguzi akanifukuza nje, na huko nje nikaacha kucheka. Maana ni kweli, Kocha Melkior hajawahi kumpigia kelele kijana yeyote, anamwita pembeni, anamshika bega, wanaongea, kijana anarudi uwanjani anakimbia, na siku aliyowakuta nyuma ya kahawa wakati wa mapumziko aliwachimbia choo yeye mwenyewe, bila kikao na bila bajeti, kilichokamilika wiki ile ile, wakati kamati ilikuwa imekizungumzia choo hicho tangu mwaka 2016. Mimi ningewatukana kwanza, na kile choo hadi leo kingekuwa hoja kwenye agenda.

Bibi yetu alifariki dunia siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake wa kwanza, shangazi Eunike.

Jana, kama ilivyo desturi, familia ilikaa kuipitia historia hii kabla haijasomwa, na tulipofika hapo nilipopita sasa shangazi Eunike alinisimamisha, akasema hakuna mwingine aliyesikia, futa, kazi yenyewe umeitafuta miaka minne imekuja mpaka mlangoni, unaifukuza kwa karatasi uliyoiandika mwenyewe? Baba zangu wadogo wakamuunga mkono, wakasema marehemu alikuwa mgonjwa, dawa zilikuwa nyingi, mtu wa wodini hapigi kura. Jibu lao na tamaa yangu vilikuwa kitu kimoja. Mzee Eliudi alikuwa amekaa pale pale, amekunja uso, tukadhani amekasirika, lakini mwisho akasema kwamba shemeji yake alikuwa na akili timamu kuliko kikao kizima, akanigeukia, "Soma kama alivyosema. Ila habari ya posho usiniulize tena." Badiliko pekee aliloliomba ni kwamba mbele ya Mchungaji niseme "kujisaidia haja ndogo," nami kwa heshima zote nimekataa, kwa sababu neno ni la marehemu na sina mamlaka ya kumhariri.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Bibi kwa siku kumi, hususan yule muuguzi aliyenitoa nje, alikuwa sahihi, nawashukuru majirani waliotukamulia ng'ombe tangu siku ya msiba, kwaya iliyoimba chini ya mvua bila kukatisha ubeti, akina mama wa jikoni, wateja wa zamani wa maziwa mliopanda kutoka Njoro, wengine kwa fimbo, na wachezaji wa Theluji mliochimba kaburi hili kwenye udongo wenye mizizi ya migomba ya miaka sitini. Aikeni sana, nimeichanganya na Kiswahili kimakusudi, Bibi angecheka. Mwenye nafasi ya kazi, ya aina yoyote isiyohitaji mtu mpole, anitafute baada ya chakula.

Kocha Melkior, nimesikia umeshamuaga mwenye nyumba wako kule Njoro na vyombo umevifunga. Mimi bado nasema unacheza kwa woga, mawinga wako wanarudi nyuma kama wamesahau kitu nyumbani, na hilo tutalizungumza mimi na wewe tukishazika. Lakini kamati inakaa Jumamosi, kambi zimebaki tatu kwa tatu, na mlezi ameshaamua, kwa hiyo leo ukishuka, mwambie mwenye nyumba huhami.

Bibi Aikande, umelima, umelea, umetembea vya kutosha, sasa lala kwenye kihamba chako, upumzike kwa amani. Kura yako imefika.