Pipa la Barafu la Kocha Verlin

Marehemu Verlin Dale Haubrich alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, katika shamba la mahindi nje ya mji wa Corley, Nebraska, akiwa mtoto wa kwanza wa Emmett na Lorene Haubrich. Mimi Orrin, ninayewasomea haya, nilizaliwa miaka miwili baadaye, na tangu siku hiyo nimekuwa wa kufuata nyuma tu.

Alisoma Corley hadi mwaka 1962, kisha akajiunga na Chuo cha Plum Ridge. Huko alicheza mpira wa Kimarekani miaka minne, akavunjika pua mara tatu, na wasichana wakasema imempendeza. Yangu ilivunjika mara moja, hakuna aliyesema lolote.

Tarehe 14 Juni 1969 alimwoa Arlene Pospisil, ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwenye karamu ya samaki ya kanisani. Shemeji, usinikodolee macho, unajua ni kweli. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1973 alikabidhiwa timu ya Plum Ridge, akanichukua nimsaidie upande wa ulinzi. Katika miaka thelathini na moja tulishinda mechi 214. Desturi mnaijua: timu yako ikishinda mechi kubwa, vijana wanabeba pipa la maji ya barafu, wanamnyemelea kocha mkuu kwa nyuma na kummwagia kichwani. Verlin alilowa mara kumi na tisa. Mara zote hizo nilisimama naye bega kwa bega, nikarudi nyumbani mkavu. Fainali ya Novemba 1988 tuliwazuia Dunmore, mahasimu wetu wa kila mwaka, wasipate hata pointi moja. Ulinzi ule niliupanga mimi, peke yangu, wiki nzima. Vijana walipokuja na pipa, Verlin akaniambia, "Orrin, nishikie kofia." Nikamshikia. Jamani, wivu uliniunguza siku ile, na sitaficha hata mbele ya jeneza lake.

Alistaafu mwaka 2004. Februari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Wiki moja kabla hajatutoka, nilikuwa nikimpa vipande vya barafu kwa kijiko.

"Mwaka tisini na moja Dunmore walinipigia simu," akasema. "Walitaka wakufanye kocha mkuu."

"Wee! Ukawaambia nini?"

"Kwamba hujaiva."

"Verlin! Kwa nini?"

"Ungenifunga kila mwaka, mjinga wewe. Unadhani ni wewe tu mwenye wivu?"

Nilitaka kumnyonga. Maisha yangu yote, mtu na ndugu yake! Nikainama kuokota koti langu niondoke, nikahisi baridi kali ikiniteremka shingoni hadi kiunoni. Alikuwa amejikokota hadi ukingo wa kitanda na kunimwagia kikombe kizima cha barafu pamoja na maji yake.

"Fainali ya themanini na nane," akasema huku akihema. "Ilikuwa yako."

Nililia pale pale, nikiwa nimelowa chapachapa.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2014, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mjane, Arlene, mabinti, Joyce na Renata, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja.

Pumzika salama, kaka. Kofia yako ninayo.