Nilivyodanganya Kwenye Fomu ya Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkiniona natetemeka hapa mbele, si baridi ya Minnesota. Ni woga. Miaka miwili mmenisalimia kila Jumapili hapa Brooklyn Center mkidhani kwangu mambo ni shwari.

Mnamjua binti yangu Neema, wa miaka mitano. Mkimuuliza amekula nini, nani hujibu? Mimi! Nawaambia ana haya. Uongo mtupu! Mtoto alikuwa hawezi kuunganisha maneno mawili. Nikisikia wenzake wakijibizana Sande skuli, nawaonea wivu. Nilifunga, nikakemea mapepo. Shangazi yangu akapiga simu kutoka Nakuru, akasema Kiswahili kinamchanganya mtoto, niache. Nikaacha. Nyumba ikawa kimya, maana Kiingereza changu ni cha kazini tu: geuka, meza dawa, pole.

Sasa sikieni aibu yangu. Kazi yangu ni kutunza wazee. Kila shifti naandika kila kitu, maji waliyokunywa, kidonda, hata choo. Sijawahi kuandika uongo kwenye faili la mzee hata mmoja. Lakini shule ilipoleta fomu kuuliza kama Neema huunganisha maneno, nikaweka tiki kwenye ndiyo. Je, husimulia? Ndiyo. Ndiyo mpaka chini! Niliogopa wangemwandika mjinga na jina hilo limfuate maisha yake yote.

Ndipo siku moja Neema akalia tangu asubuhi mpaka mchana. Namuuliza inauma wapi, ananitazama tu. Mimi ninayewauliza wazee swali hilo kutwa nzima, sikujua mwanangu anaumwa wapi! Kumbe ni sikio, daktari alilikuta limejaa usaha. Jamani, nililia ndani ya gari hadi nikaishiwa nguvu. Nikasema, Ee Mungu, huyu mtoto atakuja kunifia mikononi kwa sababu ya kiburi changu. Kesho yake nikaenda shuleni na sare yangu ya kazi, nikaomba fomu nyingine. Nikaandika hapana. Hapana, hapana, hapana!

Wakatupeleka kwa mama mmoja wa tiba ya usemi. Akanieleza kwamba Neema ana shida ya kushika lugha. Si pepo, si laana, wala si Kiswahili. "Ongea naye lugha unayoiweza vizuri," akasema. "Ukimuuliza kitu, nyamaza, uhesabu mpaka kumi."

Kiswahili nikakirudisha nyumbani. Lakini kunyamaza, mimi? Si mnanijua! Nikifika nne jasho linanitoka.

Juzi kwenye duka la Mkenya mwenzetu, mwenye duka akamuuliza Neema anataka nini. Nikahesabu. Sita. Saba. Nikashindwa, nikafungua mdomo nimjibie. Neema akanyoosha mkono, akanifunika mdomo.

"Mama, nyamaza. Mimi sema."

Haleluya! Nilisimama pale machozi yakinitiririka juu ya vidole vyake, naye akasema, "Nataka mandazi."

Ndugu zangu, safari ni ndefu. Hakuna aliyeniahidi kwamba ataongea kama wengine, na bado naamka na hofu. Lakini uongo Bwana ameniondolea, jina lake lihimidiwe! Wewe mama, wewe baba unayemficha mtoto wako, mwamini Mungu, useme kweli. Nitafute pale mlangoni, nitakusindikiza mpaka shuleni. Na huyo mtoto akifungua mdomo, sote wawili tutanyamaza.