Saini Tatu Chini ya Karatasi

Kijiwe cha Maman Nsimire, pale Kamembe, kina benchi moja, termosi moja ya kahawa ya tangawizi na wakubwa watatu wa Chama cha Mafundi Sola wasioisha maneno. Chama hutoa karatasi ya mafunzo kila mwezi, isomwe na mafundi mpaka vijijini, na mhariri wake mkuu alikuwa amehamia Kigali. Nasiri, mmoja wa hao watatu, aitwaye Maître kwa kalamu zake mbili za mfukoni, alikitaka cheo hicho mpaka akakosa usingizi. Lakini kukiomba aliona haya, akakaa anangoja wenzake wamtaje.

— Mhariri akuwe na moto, alianza Sibomana, ambaye umeme umemrusha mara nyingi hata akaitwa Papa Courant. Haraka haraka haina baraka! Karatasi inapashwa kufika Gashonga mbio.

— Hapana, alisema Cyusa, yaani Docteur, mwenye miwani inayokaa kichwani kuliko machoni. Akuwe na bibi. Muntu wa bibi amezoea kukosolewa.

— Basi akuwe mufupi, alijibu Papa Courant. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mufupi ameisha inama tangu azaliwe.

— Juu weye njo mufupi! alicheka Cyusa. Tubapime na multimètre. Mwenye courant mingi mu mikono, anapita.

— Na weye, Maître?

— Miye sitaki kitu, alisema Nasiri, akizipandisha kalamu zionekane. Chema chajiuza. Ila mhariri akuwe na kalamu. Mbili.

Hapo akashuka kwenye pikipiki Shadia, fundi wa Rwimbogo. Aliweka benchini régulateur iliyoungua, kile kifaa cha kudhibiti chaji ya betri, na karatasi ya mwezi ule.

— Mwaramutse, ba papa. Karatasi yenu inasema waya nyekundu iende ku moins, kule kwa hasi. Moyo yangu ilikataa, lakini chini niliona saini tatu za bakubwa. Nikafunga vile. Sasa nyumba ya Maman Patricie iko giza, na kijiji yote inasema mwanamuke hajui kazi. Kati yenu, nani aliisoma mbele ichapwe?

Cyusa alishusha miwani machoni.

— Penye wazee haliharibiki... alianza Papa Courant, akalimeza neno la mwisho kwa kahawa.

Desturi yao ni kwamba karatasi hupitishwa benchini kabla ya kuchapwa, na kila mmoja hutia saini kuwa ameisoma. Cyusa alikuwa amesaini kwa sababu aliona saini mbili. Papa Courant alisaini kwa sababu aliona moja. Na Nasiri, wa kwanza, alikuwa anajaribu kalamu mpya.

Masikio ya Nasiri yaliwaka kwa aibu. Alichomoa kalamu zote mbili, akampa Shadia bila neno. Shadia akachukua moja, akakata moins, akaandika plus, yaani chanya, akawasukumia karatasi.

— Sasa musome.

Nasiri aliinama, akaanza mstari wa kwanza, taratibu, kwa kidole. Alipofika wa pili, Cyusa alikuwa ameshatia saini.