Nota ya Mwisho ya Mwalimu Anselim

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mwalimu wetu Anselim, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa Okestra ya Mlabani mlioshika ala mkiningoja nimalize: wazee shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Mimi ni Levina, katibu wa okestra hii, niliyepiga fidla safu ya pili kwa miaka kumi na tisa. Huwa naandika shajara, na ya leo imeanza hivi: Jumamosi, 14 Juni 2025. Baridi. Ukungu umefunika bonde, upande wa mtoni hauonekani. Leo tunamuaga Mwalimu anayestaafu na kurudi Lupiro. Lakini nina kosa la tarehe nyingine, na siwezi kupokea fimbo yake ya kuongozea okestra kabla sijalikiri.

Wote mnaujua ule muziki wake wa polepole, usio na maneno, unaoitwa “Ng'ambo”. Nani hapa hajazika ndugu tukiupiga? Juu ya karatasi Mwalimu aliandika mambo matatu: Doh ni F. Mwendo wa pantoni. Kwa hamu.

Vijana wetu wanavuka Kilombero kwa daraja, wanafika ng'ambo hata muwa hawajaumaliza. Pantoni wameisikia kwenye hadithi tu. Ndiyo maana kila mwaka walikuwa wanauharakisha, na Mwalimu anawarudisha nyuma, mpaka mpiga tarumbeta wetu, Mzee Mwinyimvua, akalalamika kuwa kwa mwendo huu marehemu atashuka atembee mwenyewe. Mwalimu alicheka kuliko sisi sote, kisha akatuanzisha polepole zaidi.

Kwa nini pantoni? Mwaka 1998 mke wake, Mwalimu Dativa, alikuwa anafundisha Lupiro, ng'ambo ya mto, naye Mwalimu Anselim alikuwa hapa Ifakara. Kila Ijumaa jioni Mwalimu alisimama kwenye kivuko akimtazama anakuja. Wanaokumbuka wanajua: mtu unamwona kabisa, unaitambua kanga yake, unaona anakupungia mkono, lakini hajafika, na injini haina haraka na mtu. Muziki wote ni huo. Unaanzia kwenye nota ya la, unazungukazunguka kwenye hiyo la kama mtu asiyejua aweke wapi mikono yake.

Sasa kosa langu. Sisi tunaandika nota kwa herufi: d ni doh, nota ya nyumbani ambako muziki hutua, na l ni la. Tarehe 9 Agosti 2009, siku ya upepo na vumbi, nilipewa karatasi ya Mwalimu iliyochakaa niinakili. Tumbo la d likifutika, kinachobaki ni l. Nota ya mwisho niliisoma l, nikaandika l, na kwa miaka karibu kumi na sita tumeumaliza muziki huu bila kufika. Watu wakalia. Tukaambiwa ni wa misiba, na sisi tukakubali.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa napanga sanduku la nyaraka ili nizikabidhi. Nikaishika karatasi ile dirishani, kwenye jua, nikaliona tumbo la d. Nilipanda baiskeli nikamkuta Mwalimu anafunga vitabu vyake kwa kamba. Nilimwamkia, nikampa karatasi, nikamuuliza kama ile ni d.

Akavaa miwani. Akasema, “Ni d. Ni mlango wa pantoni unagusa nchi kavu.”

Nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha, yeye aliyekuwa anatusimamisha kwa nusu ya pigo.

“Ulipoinakili, Levina mwanangu, Dativa alikuwa na miezi mitatu kaburini kule Lupiro. Nikaipiga mara ya kwanza na ile l yako, nikasema huyu mtoto amesikia. Ningekusahihisha nini?”

Nilimuuliza tu leo tuumalize vipi. Akarudi kwenye kamba zake, akaniambia nisimuulize yeye, fimbo kuanzia Jumamosi ni yangu. Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kuinua kichwa: “Ila kesho yake mimi ndiye ninayevuka. Yeye ndiye anayengoja.”

Mwalimu, umetufundisha kuhesabu, kunyamaza na kuheshimu mwendo wa mtu aliyeandika. Watakaokuja baada yetu hawataijua pantoni, lakini nimepima mwendo wako kwa saa, mapigo hamsini na mbili kwa dakika, na nimeuandika mahali pasipofutika. Pale tulipoharakisha tusamehe. Tutakutafuta pale mbele yetu kila jioni ya mazoezi, na tutazoea taratibu kutokukuona.

Wageni waalikwa, leo hatupigi muziki wa msiba. Mstari wa mwisho wa shajara yangu ya jana unasema: naenda kulala saa saba na robo usiku, nakala kumi na nne zimekamilika kwa mkono, kila moja inaishia d.

Wenzangu, tazameni fimbo. Doh ni F. Mwalimu, kaa hapo ulipo, usisimame. Safari hii acha tukufikishe sisi.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye.