Bi. Mwamvua Kindamba na Kisima cha Maparoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Mwamvua Kindamba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa bibi shamba: kwanza Mbwara, kisha Mtunda, na mwisho Maparoni, kata ya visiwani ambako kila kijiji hufikiwa kwa boti, alikoomba mwenyewe kupelekwa. Ofisi ilimuuliza mara mbili kama ana uhakika.

Aliajiriwa kwa ajili ya mpunga na korosho, lakini watu walimfuata kwa habari za bustani za uani. Aliulizwa sokoni, aliulizwa msibani, na aliwahi kuulizwa akiwa wodini na uchungu wa kujifungua, pale muuguzi alipotaka kujua kwa nini bamia zake ni ngumu. "Unachelewa kuchuma," alimjibu. "Ncha ikigoma kukatika kwa kidole, iache iwe mbegu." Mtoto alizaliwa salama, anaitwa Yasmini.

Mzee Abbasi wa Mtunda alikuja kuomba dawa kali ya wadudu wanaomaliza mchicha wake. Bi. Mwamvua alikwenda, akaitazama bustani, akamwambia, "Dawa ni kufunga banda. Hao ni kuku wako."

Jambo tutakalomkumbukia zaidi lilitokea Maparoni. Bi. Subira, mjane anayelea wanawe kwa kuuza mboga, aliona nyanya zake zinakauka, majani yakianzia kuungua kingoni. Bi. Mwamvua, bila kufika bustanini, alimshauri aongeze samadi. Zikafa. Alipopanda nyingine, akamshauri aongeze tena. Zikafa upesi zaidi.

Nyanya za jirani yake, Bi. Kijakazi, zilikuwa zimestawi vizuri tu. Maneno yakaanza. Bi. Subira akasema wazi kwamba amerogewa bustani. Watoto wakakatazwa kupita uani kwa Bi. Kijakazi, salamu zake zikawa haziitikiwi, na wapo waliotaka ahame kabisa. Wazee wakaitisha kikao.

Bi. Mwamvua aliposhuka kwenye boti hakwenda kikaoni. Alikwenda kisimani kwa Bi. Subira, akachota, akaonja, akatema. Ndipo akaingia kikaoni na kusema, "Mwenye kosa ni mimi. Nimeshauri mara mbili bila kuonja maji. Bahari ikijaa, chumvi inaingia kisimani."

"Maji hayo tumeyazoea," alisema Bi. Subira.

"Nyie mmeyazoea. Nyanya hazijazoea."

Hakuna aliyecheka. Bi. Mwamvua akajaza viroba viwili udongo wa aina moja, akapanda miche ya aina moja, akaviweka barazani kwa Bi. Subira, kila mtu avione. Kimoja Bi. Subira akimwagilie maji ya kisima. Cha pili Bi. Kijakazi akimwagilie kwa mkono wake maji ya mvua anayokinga batini, yale yale anayotumia kwake. Bi. Subira alikataa, akabembelezwa, akakubali huku amenuna. Kwa wiki kadhaa wanawake wale walimwagilia asubuhi na jioni, wakipeana migongo.

Kiroba cha kisima kilikauka. Cha Bi. Kijakazi kilizaa.

Bi. Subira alichuma nyanya zote, akazitia kwenye ungo, akavuka ua. "Nimekuja kuomba radhi," alisema, "na maji."

Bi. Kijakazi akaupokea ungo. "Radhi ngoja kwanza," akasema. "Maji chota."

Radhi ilipatikana baada ya Ramadhani. Siku hizi wana simtanki moja la maji ya mvua, na wanagombania zamu kama majirani wengine wowote. Bi. Mwamvua naye hakutoa tena ushauri wa bustani asiyoikanyaga, jambo lililoutesa sana mwili wake na boti ya ofisi.

Sasa anarudi Mtunda kwa mumewe, Bwana Ukasha, mwenye bustani ambayo Bi. Mwamvua hajawahi kupata nafasi ya kuikagua. Tumeiona. Kazi ipo.

Bi. Mwamvua, ahsante kwa yote. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, mvua za wakati wake na usingizi wa asubuhi. Ukigongewa mlango na mtu mwenye jani bovu mkononi, una haki kamili ya kutofungua. Tunajua utafungua.