Chupa ya Chanjo Niliyowanyima Majirani

Mwenyekiti, asante kwa kunipa nafasi. Na nyinyi mlionuna niliponyanyuka, nuneni tu, nitasema hivyo hivyo.

Mnanijua. Nina stashahada ya mifugo, na sikupewa kwa huruma ya mtu. Niliisomea Dar huku jioni nakaanga chipsi. Niliporudi hapa Mtwara nilijenga banda nyuma ya nyumba kwa mikono yangu, nikaweka kuku arobaini wa mayai. Kazi ya mshahara nilikuwa nimeshaiacha, kwa hiyo kuku wale wakiisha, na mimi nimekwisha. Mtaa mzima ukala mayai yaliyotagwa asubuhi ile ile. Mlikula, halafu mkanisema. "Mayai ya Mdar, kiini kimepauka kama mgonjwa wa malaria." Sitaji jina. Aliyesema anajijua, na trei yangu hajairudisha.

Ikafika siku ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Utaratibu wa mtaa mnaujua: chupa moja inatosha kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haikai, hivyo nyumba kadhaa hushirikiana chupa moja alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, tone moja jichoni kwa kila kuku. Mama jirani anayeisimamia alinifuata. "Mwanangu, tuungane."

Nikamjibu, "Kuku wangu hawapangi foleni na hao wenu wanaokula jalalani."

Nikanunua chupa yangu, nikachanja arobaini wangu. Ikabaki zaidi ya nusu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: niliificha kwenye friji, nyuma ya samaki, ili msiipate. Baada ya miezi mitatu, chanjo inaporudiwa, nikaitoa ile ile, nikawachanja tena.

Je, sikujua kwamba imeharibika? Nilijua! Nimeulizwa swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote. Lakini kununua nyingine kungekuwa kukiri kwamba ile ya kwanza niliwanyima bure. Nikajiambia friji yangu ni nzuri.

Mdondo ukaingia. Wa kwanza alipinda shingo, wa pili akaharisha kijani, na kufika Alhamisi nilikuwa nazoa mizoga kwa koleo. Majogoo wenu wako juu ya ukuta wangu, wanawika. Nanyi mkipita mnachungulia.

"Bibi mtaalamu, kuku wamelala mapema leo?"

Mwingine akadakia, "Waache, wanajisomea."

Mlicheka. Sauti zenu nazikumbuka moja moja.

Hakubaki hata kuku mmoja. Yule mama akaja na jembe, hakupiga hodi. Tukachimba shimo. Tulipomaliza kufukia akauliza, "Ile chupa yako ya kwanza, ilibaki?"

"Ilibaki."

"Iko wapi?"

Nikafungua friji nikamwonyesha. Akaitazama, akanitazama.

"Na sisi ukatunyima."

Nilitaka kumjibu kwa maneno ya darasani. Nikayaacha. Nikasema, "Niliwanyima, mama. Nisamehe."

"Osha banda, liache tupu kwanza. Ukipata wengine, utapanga foleni nyuma yangu."

Nilipanga. Kuku sita wa kuanzia alinipa yeye, wale wale wa jalalani. Leo nina sitini, na nitajieni hapa nani ana banda safi kuliko langu. Hakuna.

Mama, nakushukuru mbele ya watu. Nawashukuru na wawili walionibebea maji na chokaa ya kuoshea banda. Nao walikuwa hawanipendi. Nyinyi mliocheka siwashukuru.

Ninalowaachia ni hili: chanjo ni ya mtaa, si ya mtu. Ukimnyima jirani, unajinyima mwenyewe, hata kama umesoma kuliko wote, kama mimi.

Jumamosi alfajiri chupa inafunguliwa kwangu. Leteni kuku wote, hata wewe wa trei, ambaye nimeapa sikuamkii. Jogoo wako nitamtia tone lake jichoni kama wengine, na wewe sitakuamkia.