Mzee na Paa Moja

Obare alikuwa ameinua gazeti mbele ya uso, lakini tangu basi litoke Migori hakuwa amesoma hata mstari. Kwenye kiti cha mbele yake, Ratemo, mchoraji wa ramani za nyumba, alikuwa amemfungulia Mama Eucabeth, mchuuzi wa dagaa wa omena aliyekutana naye stendi, karatasi kubwa iliyofunika magoti yao yote manne.

"Nyumba ya kisasa, mama. Hapa mzee na mke wake, hapa mtoto wao na bibi yake, huku wajukuu."

"Mzee alale paa moja na mke wa mtoto wake?"

"Kuna ukuta katikati."

"Ukuta nimeona. Nimeuliza paa."

"Mama, huu ni mwaka wa tisini na sita!"

"Kwani mwiko unasoma kalenda? Kwenu Kisii mzee analala kwa mtoto wake?"

Ratemo akapekua mfuko wa shati. Obare alihesabu hilo kuwa jibu.

Mchoraji akatoa raba, akafuta paa katikati, zikawa nyumba mbili zenye uchochoro. "Haya. Mvua ikinyesha na mzee ameitwa kula?"

"Atalowa," alisema Mama Eucabeth. "Lakini atalowa na heshima yake."

Ratemo akakunja karatasi polepole. "Aliyeniagiza paa moja ni mzee mwenyewe. Ana miaka themanini na moja. Anasema amechoka kulowa."

Mama Eucabeth akafungua mdomo kujibu. Basi likasimama Rangwe, Ratemo akashuka.

Obare pia alikuwa wa kushuka Rangwe. Alibaki kitini, akingoja jibu la Mama Eucabeth.